Barafu za Kuku

Saa mbili asubuhi bati limeanza kulia,
tak, tak, kama mtu anayehesabu sarafu,
nasi wa Makorora tunajua maana yake:
ikifika saa sita hapiti mtu barabarani kwa hiari.

Nimewalisha kabla ya adhana, kwa tochi,
wakinishangaa.
Tumbo lililojaa mchana ni jiko, alisema Bi Mwanakheri,
na yeye kazika kuku wengi kunizidi.
Mchana ni maganda ya tikiti tu,
yenye alama za meno yetu.

Gunia la katani nililoomba kiwandani,
bado linanuka mkonge na grisi,
nimelilowesha ndoo nzima,
nikalitundika bandani upande wa jua.
Upepo ukipita humo hutoka umetiwa adabu.
Upepo wenyewe ndio haupiti.

Saa saba. Wote midomo wazi,
mbawa wameziachia mbali na mbavu
kama mtu aliyevaa kanzu iliyolowa.
Koo zinadunda, zinadunda,
na kinachonitisha ni kimya:
banda zima la wambea, hakuna anayesema neno.

Kishingo peke yake anatembea.
Siku aliyoletwa tulimcheka,
shingo tupu, nyekundu, kama aliyeponyoka sufuriani.
Mbaruku akauliza, "Bibi, huyu hajamaliza kuvaa?"
Leo anapita mbele ya wenye manyoya yao
polepole, kama mtu asiyedaiwa.

Lakini Zabibu anaatamia.
Siku ya ishirini, mayai kumi na moja,
nyuma ya debe, kwenye pembe yenye joto kuliko zote.
Nimembembeleza. Nimemtukana.
Nilipomgusa bawa akanidonoa kidole
bila nguvu, kwa kulinda heshima tu.
Kuku mwenye watoto halengwi jiwe, walisema.
Jua halikufundwa hayo.

"Mmwagie maji, Bibi!"
Hapana. Mwili uliochemka
hautaki kushtuliwa.
Nikachovya pindo la kanga,
nikampangusa upanga uliosinyaa,
nikamdondoshea tone mdomoni.
Akalimeza. La pili akaliacha lianguke.

Friji langu lina kazi moja duniani:
barafu za ubuyu, shilingi mia mia,
watoto wakitoka shule saa nane.
Sitini na mbili nilizifunga jana,
fundo baada ya fundo, kwa vidole na meno.
Umeme ulikatika saa tano
na zilikuwa zimeanza kulegea, najitetea,
ila ningeweza kuziuza hata hivyo.

Nikazibeba zote kwa beseni.
Nyingine nikazipasua kwenye vyungu vyao,
maji yakawa mekundu,
jogoo akainamisha kichwa, akaonja,
akanitazama kama mgeni aliyekaribishwa pilau msibani.
Nyingine nikazikunja ndani ya kanga kuukuu
nikamzungushia Zabibu, si kwa kumbana,
kama unavyomwekea mzazi mto.

Saa nane wakaja na mabegi yao.
"Bibi, barafu?"
"Hakuna."
"Zimekwisha?"
"Wamezinunua kuku."
Wakachungulia bandani. Mmoja, mdogo kabisa,
akauliza, "Wamelipa?"

Magharibi Bi Mwanakheri alipita na beseni
lililofunikwa gazeti. Hakusema wangapi.
Sikumwuliza. Nilimsaidia kuchimba,
udongo bado unaunguza vidole vya miguu.

Usiku nikaenda na tochi.
Kanga ilikuwa imekauka, imeganda sukari,
sisimizi wamekwishapata habari.
Zabibu amefunga mdomo. Anapumua.
Nikapenyeza mkono chini yake
na safari hii hakunidonoa, sijui ni shukrani au ni uchovu,
nikatoa yai moja, nikaliweka sikioni.

Kitu kiligonga.
Tak.
Au lilikuwa bati, linapoa.
Nikazuia pumzi nisikie tena.